Sebule Iliyoningoja Nife

Nilianguka katika korido ya nyumba yangu mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimebeba beseni la nguo. Sakafu ilikuwa na maji, mguu ukaenda upande wake na mimi upande wangu. Nikabaki chali pale chini, nikitazama dari, nikaita. Nikaita tena. Sauti ikapita chumba cha wageni, ikapita chumba cha mwanangu ambaye hayupo, ikapita stoo ya vitu ambavyo hatuvitumii, ikafika sebuleni, ikakaa kwenye fotei kama mgeni. Hakuna aliyesikia. Baadaye nilijikokota hadi ukutani, nikainuka, nikaokota nguo zangu moja moja nikiwa nimekasirika sana. Sikuyakasirikia maji. Niliikasirikia nyumba.

Ni nyumba kubwa, iko Shari, mtaa wa hapa Bunia. Marehemu mume wangu aliijenga enzi malori yake yalipokuwa yakienda Mahagi na kurudi, na kila lori lililorudi salama liliongeza chumba. Si kwamba tulikuwa wengi. Mungu alitupa mtoto mmoja tu. Alijenga ili wapita njia waseme, "Pale kunakaa mutu mukubwa." Na kweli walisema. Nyumba njema si mlango, wahenga walishatuambia, lakini yeye alianza na mlango. Sebuleni aliweka fotei za kahawia, nzito, za kukalia waheshimiwa, na kabati la vioo lenye vikombe ambavyo havikuwa vimeonja chai. Mimi nikafuma vitambaa vya kufunika migongo ya fotei. Waheshimiwa hawakuja. Sisi wenyewe tulikaa nyuma, jikoni, kwenye vigoda, tukala vizuri na kucheka sana.

Nisiionee nyumba, imewahi kufanya kazi. Miaka ile ya vita, watu wa Djugu walipokimbia vijiji vyao, ndugu wa mume wangu walikuja na vifurushi na watoto, wakajaa mpaka koridoni. Mikeka ilitandikwa sebuleni ukuta kwa ukuta. Kulikuwa na foleni ya choo, ugomvi wa sufuria, na kelele ambazo siku hizi nazitamani. Halafu mmoja mmoja wakaondoka, wengine wakapanga vyumba humu mjini, wengine wakaenda mbali zaidi. Kisha mume wangu akafa. Siku ile fotei zilitolewa nje, kama ilivyo kwetu: msiba ukiingia ndani, viti vinatoka, sebule inabaki tupu, wanawake wanaketi chini kwenye mikeka. Matanga yalipokwisha fotei zikarudishwa mahali pake, watu wakaenda kwao, nami nikabaki nazikung'uta vumbi.

Nyuma kabisa ya parsele yetu, yaani kiwanja, ndani ya ua huohuo, kuna nyumba ndogo ya vyumba viwili na kibaraza. Tunaiita aneksi. Mpangaji wake alikuwa amehama. Ukuta wake unakaribia ua wa jirani yangu, mjane kama mimi, ambaye jiko lake liko upande wa pili wa miti ya ua. Siku chache baada ya kuanguka nilikuwa nafagia pale, vumbi likaniingia puani, nikapiga chafya.

"Pole, Mama!" sauti ikatoka upande wa pili.

Nikasimama na ufagio mkononi. Katika nyumba kubwa hakuna aliyenipa pole ya chafya tangu mume wangu afe. Hapo hapo nikaamua kuhamia aneksi.

Kuamua hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni tarehe, kwa sababu ilionekana kila mtu ana tarehe yangu isipokuwa mimi. Mwanangu, ambaye yuko Kinshasa, aliniambia kwa simu: "Mama, ngoya kwanza Noeli. Nitakuya, tutaongea." Noeli ikaja, yeye hakuja, ndege zilikuwa zimejaa. "Ngoya Pasaka." Pasaka ndege zikajaa tena. Sijui watu wote hao wanaojaza ndege za kuja Bunia wanakuja kufanya nini, maana mimi ndio nakaa hapa na siwaoni.

Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, anakaa mtaa wa Mbunya. Aliposikia nataka kuhama aliitisha kikao cha familia, na kikao kikafanyika, bila shaka, sebuleni. Wazee walizama kwenye fotei mpaka magoti yakawa juu ya videvu. Mpwa wa marehemu, mwanamke mpole anayekaa na mume na watoto wake katika chumba kimoja cha kupanga tangu watoke Djugu, alitumwa kumimina chai, na vikombe vya kabatini siku hiyo vilijua kazi yake. Nikawaeleza. Nikasema nyumba ni kubwa, goti ni bovu, nilianguka koridoni nikaita na hakuna aliyesikia.

"Pole sana," wifi akasema. "Lakini matanga yako tutafanyia wapi?"

"Matanga ya nani?"

"Yako. Weye ukikufa mu ile aneksi, siye tutaketi wapi? Bamama ya chorale ya kanisa wataingia wapi? Na sanduku ya maiti? Ile mulango iko kadogo. Unataka tupitishe sanduku kwa dirisha, watu watucheke?"

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akasema marehemu alijenga nyumba ya heshima, na heshima haihamishwi kabla ya wakati wake. Nikauliza wakati wenyewe ni lini. Wifi akanitazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzito.

"Kisha," akasema.

"Kisha nini?"

"Kisha matanga."

Yaani nihame nikishakufa. Wanasema maiti haulizwi sanda. Mimi sikuwa maiti bado, lakini kuulizwa kulikuwa kumeshakwisha. Korido haikutajwa tena. Wakazungumza juu ya mahali pa kupikia, kama moshi utafika kwa wageni wakubwa, na kama mwaka huo nikifa ingefaa iwe kabla ya mvua. Walikula maandazi yangu yote. Ni yule mpwa tu, akiwa anakusanya vikombe, aliyeniuliza kama goti bado linauma, na aliuliza kwa sauti ya chini kama kwamba goti lilikuwa jambo la aibu.

Basi nikaendelea kupangusa. Kiangazi kikaja, lile vumbi letu jekundu likaanza kupita chini ya milango, na kila asubuhi nikawa nafuta kabati, nafuta vikombe, nafuta mikono ya fotei. Asubuhi moja nikajiuliza namfutia nani. Jibu likaja upesi: nawafutia waombolezaji wangu. Nilikuwa mlinzi wa ukumbi wa msiba wangu mwenyewe, na sikulipwa hata chai. Nikatupa kitambaa. Sikumwambia mtu, si wifi, si Kinshasa. Nikaenda barabarani nikaita wabebaji wawili wenye mkokoteni.

Fotei hazikupita mlango wa nyuma, kwa hiyo wabebaji wakazitoa kwa mlango wa mbele, wakazipanga uani, mbele ya nyumba. Nikawaambia wakunje na zulia. Mimi nikashusha mapazia, maana niliyataka kwa madirisha ya aneksi. Kufika hapo wakasema wanakwenda kunywa chai kidogo, watarudi kumalizia. Mbebaji akienda kunywa chai kidogo, mwenye nyumba anajua kwamba asubuhi yote ni yake. Nikawaachia lango wazi, nikachukua ndoo na brashi, nikaenda nyuma kusugua sakafu ya nyumba yangu mpya.

Hivi ndivyo ilivyoonekana kutoka barabarani: lango wazi, mlango wazi, mapazia yameshushwa, fotei zote nje, sebule tupu. Na mwenye nyumba, mama mzee, haonekani. Hakuna mtu wa Bunia asiyejua maana ya hayo. Ningekuwa nimepita mimi mbele ya nyumba ya mwingine nikaona vile, ningejifunga kitambaa kichwani na kuanza kulia.

Jirani yangu alikuwa anatoka sokoni. Nilisikia kilio chake nikiwa nimepiga magoti, nasugua.

"Mama weee! Mama amekwenda bila kuaga!"

Maskini, nikawaza, nani tena amekufa? Nikafikiri nimalize sakafu, nioge, nibadili nguo, niende kutoa pole. Nikasugua kwa haraka zaidi ili niwahi. Kilio cha pili kikajibu cha kwanza, kisha cha tatu, kisha zikaja pikipiki, milango ikagongwa, nikasikia watu wanafunga kamba. Nikasikia na chorale ya kanisa letu inaanza wimbo, ule ninaoupenda. Nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba aliyekufa ni mtu wa karibu sana. Moshi wa kuni ulipofika mpaka aneksi, nikaacha brashi, nikazunguka nyumba na ndoo yangu.

Turubai lilikuwa limeshafungwa kutoka kwenye bati langu hadi kwenye mti wa avoka. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa. Bamama ya chorale walikuwa wamevaa sare zao, sijui kama hulala nazo. Sufuria kubwa ilikuwa juu ya mafiga, na niliitambua, ni sufuria yangu. Langoni, kwenye vumbi, wifi alikuwa anagaagaa.

"Ndugu yangu aliniachia weye! Sasa nitabaki na nani?"

Nitamtendea haki: alilia vizuri, na machozi yalikuwa ya kweli. Kisha akainua kichwa, akaelekeza turubai kwa kidole: "Musifunge bashi pale, jua itaingia!" akarudi kwenye vumbi kuendelea.

Hakuna aliyenitazama. Kwenye matanga mwanamke mwenye ndoo haangaliwi, anapishwa tu. Nikamsogelea mama mmoja aliyekuwa anachambua maharagwe, nikamuuliza nani amekufa.

"Mwenye nyumba," akajibu bila kugeuka. "Alisema anaangukaka mu korido. Kumbe alikuwa anasema kweli."

Kisha akageuka. Maharagwe yakaruka upande mmoja na yeye upande mwingine. Wale waliokuwa karibu wakakimbia, viti vya plastiki vikalala kifudifudi, chorale ikakatika katikati ya ubeti, na mzee mmoja wa kile kikao, yule wa heshima haihamishwi, akaruka ukingo wa maua kwa wepesi ambao sikumjulia. Mimi nikasimama pale na ndoo, kitenge kimelowa mpaka magotini.

Wifi hakukimbia. Alifungua jicho moja, kisha la pili.

"Weye haukufa?"

"Bado."

"Sasa fotei zinafanya nini inje?"

Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Nikasema nahama. Akaketi, akajipangusa vumbi. "Unahama? Mutu anahama na kutoa fotei kwa mbele? Na pazia? Weye uko na akili?" Watu wakaanza kurudi, na kadiri walivyorudi ndivyo walivyonikasirikia. Mmoja alifunga duka. Mwingine aliacha ubatizo. Mzee wa heshima, akichomoa miiba ya maua kwenye suruali, akasema msiba wa kujitakia hauna kilio. Nikamwambia wangu una kilio, una chorale na una maharagwe. Ni jirani peke yake aliyenishika. Alinifinya mashavu, akanipapasa mikono mpaka viwiko, akalia kuliko alivyolia nilipokuwa nimekufa.

Hapo mtu akaniletea simu. Walikuwa wameshampigia mwanangu Kinshasa, na alikuwa bado kwenye mstari, akidhani anaongea na shangazi yake.

"Shangazi, nimepata nafasi mu ndege ya kesho," alikuwa anasema huku analia. "Mungoye. Musimuzike bila mimi."

"Ndege hazikujaa?" nikauliza.

Akaacha kulia ghafla.

"Mama?"

"Niko."

Alilia upya, kilio cha mtoto, na mimi nikalia naye, sioni haya kusema. Lakini iliniuma. Kati ya yote ya siku ile, hilo ndilo lililoniuma. Nikiwa hai ndege zilijaa Noeli na Pasaka. Nilipokufa, nafasi ilipatikana kabla maharagwe hayajaiva. Alipotulia akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama sasa arudishe tikiti.

"Usirudishe. Kuya. Maiti iko inakungoya, inapika maharagwe."

Chakula kilikuwa kinaiva, na watu waliokuja kulia hawafukuzwi na njaa. Wakala. Wakakaa chini ya turubai mpaka jua likapinda, wakazungumza bei na ndoa za watu, wakanisahau kabisa, jambo ambalo nasikia hutokea hata kwenye matanga ya kweli. Nikapita katikati yao nikigawa maji. Nilipofika mlango wa mbele nikachungulia sebuleni. Mikeka ilikuwa imesimamishwa ukutani, bado imekunjwa. Nikamwita wifi.

"Angalia saloni. Nani aliingia?"

Akaangalia. Hapakuwa na alama ya mguu.

"Sasa matanga yangu mumefanyia wapi?"

Akatazama ua, turubai, sufuria, watu. "Inje," akasema, kama aliyeng'olewa jino. Kisha akakumbuka silaha yake. "Na sanduku?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshavua kitenge cha begani, anaelekea aneksi. Akakinyoosha kwa mikono miwili, upana wa sanduku, maana amezika wengi na vipimo anavijua. Akakisogeza mlangoni. Akaingia nacho, akakata kona ya chumba cha kwanza, akarudi kinyumenyume, akainamisha upande mmoja kidogo, akatoka. Sakafu yangu niliyoisugua ikajaa nyayo. Mimi nimesimama na ndoo, namtazama wifi akiniingiza na kunitoa.

"Inapita," akasema mwishowe. "Kwa shida, lakini inapita."

Hivyo ndivyo nilivyopewa ruhusa ya kuishi.

Niliporudi mbele nikawaambia kwamba, kwa kuwa wamekuja kwa matanga yangu, tusiyaache nusu. Bado kugawa vitu vya marehemu, na marehemu yupo, kwa hiyo hakutakuwa na ugomvi. Walisita kidogo, kwa adabu. Kisha wakasogea. Vikombe vikaenda kwa chorale. Mzee wa heshima alichukua zulia. Wifi, ambaye mdomo wake ndio uliosema sebule haiguswi, alikuwa ameshaketi kwenye fotei ndefu ya watu watatu na ameishika mikono yote miwili. "Kwa kumbukumbu tu," akasema. Wabebaji walikuwa wametoka kwenye chai yao wakati huohuo, wakaipeleka Mbunya. Kwake mlango ukaikataa. Waliigeuza, wakailaza, wakaisimamisha, haikupita. Mpaka leo iko nje, kwenye baraza ya wifi, na wapita njia wanavua kofia na kumuuliza nani amekufa. Nasikia siku hizi hajibu.

Yule mpwa nilimkuta kwenye mafiga, amekoroga sufuria ya msiba wangu tangu asubuhi na macho yamevimba. Nikamwambia alete watoto, nyumba kubwa ni yao ya kukaa.

"Na saloni?" akauliza.

"Wachezee mpira."

Wanacheza. Kioo kimoja cha kabati kimeshavunjika, na kelele zinafika mpaka kwangu. Mwanangu alikuja kweli kwa ndege ya kesho yake, akalala chumba cha pili cha aneksi, miguu ikining'inia nje ya kitanda. Asubuhi aliniuliza, bila kuinua sauti, kupitia ukutani, tangu lini nakohoa namna ile. Nikamwambia tangu ile Noeli ya ndege zilizojaa.

Jirani naye sasa ana desturi yake. Kila asubuhi, kabla hajawasha makaa, anaita kupitia ua: "Mama, uko?" Najibu: "Niko." Hatuongezi neno, kila mtu anaendelea na kazi yake. Juzi aliita nikiwa na mswaki mdomoni. Nikachelewa. Akaita tena. Kisha nikasikia, upande wa pili wa miti, anavuta pumzi ndefu, na pumzi ile naijua, ndiyo iliyofungua matanga yangu. Nikatema povu lote juu ya kibaraza.

"Niko!" nikapiga kelele. "Jirani, niko! Acha viti ndani!"